Oveni ya kujengea yenye saa ya kidijitali: uzoefu wangu baada ya bodi kuanza kugoma

Oveni hii ni ya umeme, ya kuchomeka kwenye kabati, upana sentimita 60, ina feni ya kuzungusha joto na joto lake linaendeshwa na bodi ya elektroniki. Nimeitumia Dar es Salaam miaka minne. Kwa kuoka naisifu bila kusita: mkate unaiva sawa juu na chini, na mlango haupitishi joto. Malalamiko yangu yako kwenye bodi, na hasa kwenye kile kipande kidogo kinachoilisha bodi umeme.

Dalili zilikuwa hivi. Ukichagua nyuzi 180 na kubonyeza kuanza, unasikia relei (swichi ndogo inayowashwa na bodi kwa umeme) "tak", tarakimu za kioo zinafifia, kisha "tak" nyingine na saa inarudi 0:00. Hakuna joto. Jibu la haraka utakalopewa ni kwamba bodi imekufa, nunua mpya. Bei niliyotajiwa ilikaribia theluthi ya bei ya oveni nzima. Msinunue bodi kabla ya kupima, kwa sababu dalili hii mara nyingi inatokana na kapasita moja tu, kipande kidogo kinachoshika chaji ya umeme.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kwanza saa imewekwa. Oveni nyingi za aina hii, umeme ukikatika na kurudi, hazipashi joto mpaka uweke saa au uitoe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe. Kwenye saa za vitufe vitatu, kwa kawaida unabonyeza viwili kwa pamoja mpaka neno AUTO lipotee au alama ya mkono ijitokeze. Angalia pia alama ya kufuli la watoto. Watu wamelipia mafundi kwa jambo hili dogo, na linauma.

Saa ikiwa sawa na tatizo likabaki, zima umeme kwenye meni swichi, usitegemee kitufe cha oveni. Toa skrubu mbili au nne za pembeni mwa mlango, vuta oveni nje, fungua bati la juu. Piga picha nyaya zote kabla hujagusa. Terminali uzivute kwa kushika chuma chake, usivute waya. Ukikuta terminali imekuwa ya kahawia au plastiki yake imekauka, ilikuwa imelegea na inachoma. Ibadilishe, na waya uwe wa kuhimili joto.

Anza na sensa ya joto, maana ni rahisi kupima. Chomoa soketi yake kwenye bodi, weka multimita kwenye omu. Yangu ni aina ya PT1000, yaani ya omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, na kwa joto la chumba la nyuzi 30 inatakiwa isome karibu omu 1,117. Ukichovya ncha yake ya chuma kwenye maji yanayochemka, Dar utapata karibu 1,385. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo huko tarajia kama 1,362, usije ukaitupa sensa nzima. Ziko oveni zenye PT500, ambazo namba zake ni nusu ya hizo. Mita ikionyesha haina mwisho, waya umekatika. Pima pia kati ya waya na ganda la chuma: pasiwe na mguso wowote. Yangu ilisoma 1,116, nikaiacha. Elementi (waya unaotoa joto) ya feni ya wati 2,000 isome karibu omu 26. Nayo ilikuwa nzima.

Sasa bodi yenyewe. Hapa ndipo pa hatari, na nasisitiza. Bodi nyingi za oveni hazina transfoma. Umeme wa volti 230 unapunguzwa na kapasita iliyounganishwa moja kwa moja kwenye laini, kisha dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na zena (inayozuia volti isizidi) vinautengeneza kuwa volti 24. Maana yake hata upande unaoitwa wa volti ndogo umeshikana na umeme wa ukutani, na ukiugusa plagi ikiwa ndani utakurusha kama nyaya za ukutani. Pima kila kitu umeme ukiwa umezimwa, na baada ya kuzima subiri dakika tano, kisha pima ncha za kapasita uhakikishe zimeisha chaji.

Kapasita hiyo ni kisanduku cha plastiki cha njano kilichoandikwa X2, daraja la kapasita zilizotengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye laini ya umeme. Yangu imeandikwa 0.68 mikrofaradi, 275 V~. Niliifungua mguu mmoja kwa pasi ya kulehemu, nikapima: 0.31. Kwa macho ilikuwa safi kabisa, haijavimba wala kupasuka, na ndiyo maana wengi huiruka. Ndani ina utando mwembamba wa chuma. Kila umeme unapopanda ghafla, sehemu ndogo ya utando huungua na kujiziba yenyewe. Haifi kwa siku moja, inapungua kidogo kidogo kwa miaka.

Hesabu inaeleza dalili zote. Kwa volti 230 na hezi 50, kapasita ya 0.68 hutoa kama miliampea 45 baada ya dayodi. Relei moja ya volti 24 yenye koili (waya wake wa sumaku) ya omu 1,440 hudai karibu 17, na oveni ikipasha zinafanya kazi mbili kwa pamoja, ya elementi na ya feni ya kupoza. Hizo ni 33, na kioo na prosesa vinakula kama 8. Zinatosha, kwa shida. Kapasita ikishuka mpaka 0.31, zinabaki kama 20. Relei inavuta kwa chaji iliyohifadhiwa, volti inaporomoka, relei inaachia, prosesa inaanza upya. Hiyo ndiyo "tak" ya pili na 0:00.

Nilibadilisha kwa X2 ya thamani ileile, 305 V~, miguu ikiwa na nafasi ileile. Usiweke kapasita ya kawaida ya volti 400 DC, wala usiongeze thamani ukidhani ndiyo nguvu: relei zikiwa zimelala, umeme wa ziada wote humezwa na zena, nayo itaungua. Pamoja nayo nilibadilisha kapasita ya kuhifadhi chaji, 470 mikrofaradi, volti 35, ya nyuzi 105, kwa sababu bodi inakaa juu ya tanuri. Pima pia rezista ndogo iliyo mbele ya X2. Tumia lenzi kuangalia lehemu ya miguu ya relei: ufa unaonekana kama pete nyembamba kuzunguka mguu. Nilikuta miwili, nikaiyeyusha upya na kuongeza lehemu. Vifaa vyote havikufika bei ya kilo ya nyama.

Kama tatizo lako ni kinyume, yaani oveni inapasha hata ukiizima, hiyo ni relei iliyogandana ndani. Badilisha relei, ya ampea 16, koili ya volti ileile. Usiigongegonge na kuendelea kuitumia.

Kilichoniudhi ni kwamba bodi ina nafasi ya varista (kipande kinachomeza umeme unaopanda ghafla) iliyochorwa kabisa, lakini kiwandani hawakuiweka. Kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka hilo halikubaliki. Niliiweka mwenyewe, 14D431K, kati ya laini na nyutro baada ya fyuzi. Kinga ya umeme ya ukutani nayo inafaa, ila oveni ya wati 3,000 hula ampea 13, kwa hiyo chagua ya ampea 16 au zaidi, iliyofungwa moja kwa moja kwenye nyaya.

Na ukimaliza kuoka usizime ukutani. Feni ya kupoza inaendelea kwa makusudi, ikitoa joto linalopanda kwenye bodi. Subiri isimame yenyewe. Miezi minane baadaye niliifungua nikaipima tena ile X2: 0.67.