Lenzi ya mtoto wa jicho: ipi ulipie, ipi uiache

Mtoto wa jicho akitolewa, lenzi bandia huwekwa ndani ya jicho, na anayeambiwa aichague mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni mwanawe aliyesimama dirisha la malipo na simu mkononi, grupu la familia likiuliza, "Wamesema ngapi?" Karatasi ina bei tatu au nne na maelezo ya neno mojamoja: ya kawaida, ya kukunja, spesho. Mtu huona haya kumchagulia mama yake ya bei ya chini. Haya hiyo ndiyo inayokula pesa za watu, kwa sababu lenzi iliyo ghali kuliko zote ndiyo inayofaa watu wachache kuliko zote.

Mimi shilingi ya kwanza ningeipeleka kwenye kipimo. Lenzi bandia ina namba, yaani nguvu yake katika dayopta, kipimo kilekile cha miwani. Wengi huangukia karibu na 21, lakini si wote, na anayeachwa nje ya wastani anaachwa mbali. Namba hiyo hutokana na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma pamoja na mpindo wa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Mashine za mwanga hupima bila kugusa. Ila mtoto wa jicho akishakomaa hadi mboni ikawa nyeupe, mwanga haupenyi, na inabidi kutumia kifaa cha mawimbi ya sauti: jicho linatiwa matone ya ganzi, kisha ncha ya kifaa inawekwa juu ya konea. Hapo kazi yote iko kwenye mkono wa mpimaji. Akibonyeza kidogo tu, jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo, na kosa la milimita 1 huzaa kosa la karibu dayopta 3. Mgonjwa atatoka na lenzi ya kampuni nzuri na bado hamtambui jirani yake ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo uliza bila kuona soni: namba hii imepimwa kwenye jicho lake, au mnaweka iliyopo stoo?

Baada ya hapo, hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. Lenzi ya kukunja ya umbali mmoja. Ni akriliki, plastiki laini inayoingizwa ikiwa imekunjwa kupitia mkato wa milimita 2 hadi 3, ikajikunjua ndani. Huonyesha vizuri umbali mmoja, na kwa kawaida hupangiwa mbali. Kusoma, kutunga uzi na kuchambua mchele kutataka miwani ya kusomea. Lakini si lazima iwe hivyo. Mama ambaye tangu ujana anasoma bila miwani huku mbali haoni, na ambaye siku yake inakwisha kati ya Msahafu na cherehani, anaweza kupangiwa karibu, avae miwani akitoka. Daktari hawezi kuotea hilo, na mama asipoulizwa hatasema. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua akriliki isiyonyonya maji na yenye ukingo wa mraba. Hupunguza ule ukungu unaoota kwenye utando wa nyuma ya lenzi miezi au miaka baadaye, ambao watu huuita mtoto wa jicho aliyerudi. Hajarudi, utando hutobolewa kwa leza ya YAG, kazi ya dakika chache. Shida ni kwamba leza hiyo haipo kila wilaya.

2. Lenzi ngumu. Hii ni PMMA, plastiki ileile ambayo daktari wa macho Harold Ridley aliipandikiza London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya vioo vya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe. Haikunjiki, hivyo mkato ni mkubwa zaidi, kama milimita 6, ingawa mara nyingi hufunga wenyewe bila uzi. Bei yake si ya kutisha. Kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilichoanza 1992, kilichangia sana kuishusha. Kwa daktari anayeiweka kila siku, matokeo ni mazuri. Afadhali hii mwezi huu kuliko kuchangishana mwaka mzima mkitafuta ya kukunja huku mzee anaanguka ngazini.

3. Toriki. Kwa mwenye astigmatizimu tu, yaani konea isiyopinda sawasawa pande zote, tuseme dayopta 1 na kuendelea. Lazima ikae kwenye pembe yake: ikizunguka digrii 1 inapoteza karibu asilimia 3 ya kazi, na kwenye digrii 30 imebaki bure. Muulize daktari anawekaje alama za pembe. Zinazochorwa kwa mkono huchorwa mgonjwa akiwa ameketi, maana jicho huzunguka kidogo mtu akilala.

4. Ya masafa marefu. Hutoka mbali hadi umbali wa kompyuta. Inamfaa aliye bado kazini, akikubali kwamba herufi za kwenye chupa ya dawa zinaweza kumdai miwani.

5. Multifokali. Hii ndiyo "spesho". Inagawa mwanga kati ya mbali na karibu, na malipo yake ni pete za mwanga kuzunguka taa usiku, na vitu kuonekana vimefifia. Dereva wa lori aiache. Mwenye presha ya macho, au ambaye kisukari kimegusa retina yake, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, aiache pia, na wazee wetu wengi wamo humo. Kuitoa ukijuta ni upasuaji mwingine, tena mgumu kuliko wa kwanza.

Ukiombwa nyongeza kwa ajili ya lenzi yenye rangi ya njano ya kuzuia mwanga wa buluu, kataa. Utafiti haujaonyesha faida ya wazi.

Ukishalipa, dai kadi yenye stika ya lenzi: aina, namba ya nguvu, namba ya utambulisho. Iweke pamoja na kadi ya bima. Zamu ya jicho la pili ikifika, daktari atalinganisha namba iliyowekwa na jinsi mama anavyoona sasa, arekebishe inayofuata. Mkienda hospitali nyingine bila stika hiyo, wataanza kwa kubahatisha.