Uzoefu wangu na pyenv: kubadilisha Python bila kuivuruga Ubuntu

Vijana ninaowafundisha programu jioni hapa Tudor, Mombasa, huja na laptopu za mtumba, nyingi zikiwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, unaokuja na lugha ya programu ya Python, toleo la 3.10. Mmoja mradi wake wa chuo unataka 3.12, mwingine amerithi kazi ya mteja iliyoandikwa kwa 3.8. Kwa shida hiyo sijaona dawa kama pyenv, programu ya kusakinisha matoleo kadhaa ya Python na kuchagua lipi litumike.

Kikubwa ni kwamba haiigusi Python ya mfumo. Ubuntu yenyewe inaitegemea kwa kazi zake za ndani. Ukigeuza /usr/bin/python3 ielekee toleo jingine, unaweza kukuta terminali (dirisha la kuandikia amri) haifunguki na apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, inalalamika kuwa sehemu yake iitwayo apt_pkg haipo. Nimeletewa laptopu za namna hiyo, mwenyewe keshakata tamaa, ataka kufuta kila kitu aanze upya. Pyenv huweka matoleo yake kwenye folda ya .pyenv ndani ya akaunti yako, kisha hujitanguliza kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri. Ukiandika python, yenyewe ndiyo inayopokea kwanza na kuamua toleo lipi liitike.

Toleo la kawaida hubadilishwa kwa pyenv global na namba yake. Lakini ninayoipenda zaidi ni pyenv local: huacha faili dogo, .python-version, ndani ya folda ya mradi. Ukiingia kwenye folda ya mteja, 3.8 inaitika, ukitoka, toleo lako la kawaida linarudi. Hakuna cha kukumbuka.

Kasoro yake ni usakinishaji. Bando haliumii, maana kinachopakuliwa ni kama MB 20 tu, ila Python hujengwa kutoka msimbo wake papo hapo kwenye mashine yako, kazi inayoichosha. Kwa joto letu la Februari feni huvuma mno, na betri ikiwa imekufa halafu umeme ukatike, waanza upya.

Linaloniudhi hasa ni maktaba zinazokosekana, yaani vifurushi vya Ubuntu ambavyo ujenzi huo unavihitaji. Bila libsqlite3-dev, ujenzi unaendelea hadi mwisho, onyo la mstari mmoja linapita, na kijana anakuja kugundua sqlite3, sehemu ya Python ya hifadhidata, haipo wakati mradi umeshaiva. Kwa hiyo, kabla ya kujenga, sakinisheni kwa apt build-essential, libssl-dev, zlib1g-dev, libffi-dev, libbz2-dev, libreadline-dev na hiyo libsqlite3-dev. Ukimaliza, na toleo jipya ndilo ulilochagua, andika python -c "import ssl, sqlite3". Ikinyamaza, mambo sawa. Ikilalamika, weka maktaba iliyokosekana, kisha usakinishe toleo lile upya.