Bweni la Mlimani au Chumba cha Kupanga Changanyikeni?
Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, anayepata kitanda katika mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa mwaka 2017 yakiwa na nafasi 3,840, huwa karibu na madarasa na maktaba, hivyo anaweza kujisomea hadi usiku bila kuwaza daladala. Anayepanga Changanyikeni au Msewe, mitaa iliyo jirani na chuo, hukutana kwanza na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi kabla fedha za mkopo hazijaingia. Kisha kuna godoro, ndoo, jiko la gesi na luku (umeme wa kulipia kabla) ya kuchangia na wapangaji wenzake. Hata hivyo, jiko hilo ndilo hoja kubwa ya kupanga, kwa kuwa bwenini hairuhusiwi kupika chumbani na chakula cha kununua kila siku humaliza fedha upesi, ilhali wapangaji wawili wanaochangia unga, maharage na dagaa hushiba kwa gharama ndogo. Faragha nayo ni ya mpangaji, ingawa kelele za baa ya jirani hazimo kwenye mkataba. Kwa mwaka wa kwanza ningechagua bweni. Baadaye, akishapatikana mwenzi wa kuaminika wa kuchangia kodi, ningehamia Changanyikeni.