Rimu za kufunga kwenye Premio na Allion: pima tundu la katikati kabla ya kuuliza bei

Malalamiko niliyoyapokea tangu mvua ziishe yanafanana kiasi kwamba ningeweza kuyajibu yote kwa barua moja. Mwenye Premio wa Isevya anasema usukani unatetemeka akishafika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kuelekea Nzega. Mwenye Allion wa Urambo amebadilisha shokapu na bol-joint na mtetemo bado upo, na dada mmoja wa Mwanga, kule Kigoma, amezunguka kwa mafundi kubalansi matairi yale yale na kila mashine ikamwambia yako sawa. Wote walikuwa wamebadilisha rimu muda mfupi kabla ya tatizo kuanza, wakaziona zimeingia kwenye bolti bila shida, na fundi akawahakikishia kwamba zinakubali. Hakuna aliyemuuliza muuzaji tundu la katikati la rimu ile lina milimita ngapi, na hakuna muuzaji aliyejisumbua kusema.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia rangi, umbo la mikono ya rimu wala kama gari litaonekana la kisasa. Hayo kila mtu anayaona kwa macho yake. Nitazungumzia tundu, kisha nitapanga rimu zinazopatikana katika soko letu kufuatana na jinsi zinavyokaa juu ya Premio na Allion, ambayo ndiyo magari madogo ninayoulizwa zaidi hapa Tabora.

Rimu hufungwa kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho bolti tano zimechomoza kukizunguka. Katikati ya habu kuna mdomo wa mviringo uliojitokeza nje, na kwenye Premio mdomo huo umetengenezwa kupokea rimu yenye tundu la milimita 54.1. Mdomo huo ndio unaoiweka rimu katikati kabisa, na nati kazi yake ni kuikandamiza isitoke. Ukileta rimu yenye tundu kubwa zaidi, matundu ya bolti yanaweza kulingana barabara na rimu ikaingia kwa ulaini unaomfurahisha fundi, lakini haiko katikati tena; inaning'inia juu ya nyuzi za bolti, na itakaa popote ambapo nati ya kwanza iliyokazwa imeivutia. Ukitaka kuuona ukweli huu, mwombe fundi aiweke rimu kwenye habu bila nati hata moja kisha aiachie kwa uangalifu. Rimu yenye tundu sahihi huingia kwa ukinzani kidogo, ikakaa pale pale. Isiyo sahihi hushuka kidogo, na utaiona nafasi nyembamba imejitokeza upande wa chini wa mdomo wa habu.

Hapa ndipo mashine ya kubalansi inapowapoteza watu. Mashine haifahamu habu ya gari lako: hulishika tairi kwa koni inayoingia katika tundu la katikati, na koni hujirekebisha kwa tundu la ukubwa wowote, kwa hiyo rimu inazunguka vizuri kabisa na mashine inaonyesha sifuri. Ukiirudisha rimu ile ile kwenye gari, inakaa pembeni kwa sehemu ya milimita, na sehemu hiyo ya milimita ndiyo inayokutikisa mikono. Fundi anayesema amebalansi vizuri hasemi uongo. Ila si kosa la tairi, na mteja ataendelea kulipia balansi, shokapu na beringi kwa ugonjwa usiokuwa huko.

Sasa nizipange rimu zenyewe, na sifichi kwamba ninaipendelea Toyota yenyewe kuliko jina lingine lolote.

Nafasi ya kwanza ni rimu halisi za Toyota zilizotoka kwenye gari jingine la ukoo ule ule. Premio na Allion hutumia matundu matano kwenye duara la milimita 100, ambayo wauzaji huandika 5x100, na tundu la katikati la 54.1. Wish, Caldina ya kuanzia mwaka 2002 na Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, zinatumia vipimo hivyo hivyo. Rimu ya Prius ya inchi 15 nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Watu huidharau kwa sababu kiwandani hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki, wakadhani chini yake kuna chuma cha kawaida, kumbe ni aluminiamu nyepesi iliyotengenezwa kwa gari linalohesabu kila tone la mafuta. Kitoe kifuniko, ipake rangi ukipenda, na utakuwa na rimu nyepesi inayokaa kwenye habu ya Premio kama iliyozaliwa nayo. Faida nyingine ni nati. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, na ukinunua rimu halisi unaweza kubaki na nati hizo, mradi utazame kwanza kwamba kikalio cha nati ndani ya rimu ni bapa kweli na si cha umbo la koni.

Nafasi ya pili ninaipa Enkei, kampuni ya Kijapani inayotengeneza rimu za kuuza kwa jina lake na vilevile za viwanda vya magari. Rimu zinazouzwa peke yake bila gari, za Enkei na za wengine, kwa kawaida hutobolewa tundu kubwa makusudi, mara nyingi la milimita 73 hivi, ili rimu moja iweze kuuzwa kwa wenye magari ya aina nyingi. Huo si udanganyifu, maana mtengenezaji anatarajia ufunge pete ya katikati, ya plastiki ngumu au aluminiamu, inayojaza nafasi kutoka 73 hadi 54.1. Tatizo ni kwamba rimu hizo zikija kwetu zimetumika, pete huwa zimebaki kwenye gari la awali, au zimetupwa na mtu aliyedhani ni takataka. Enkei isiyo na pete naiweka chini ya rimu ya chuma. Yenye pete na nati za koni za uzi wa milimita 12 kwa 1.5, yaani unene wa bolti na umbali kati ya nyuzi zake, ni rimu bora. Tazama upande wa nyuma au kwenye mikono yake kama kumechapwa herufi JWL, ambayo ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za aluminiamu za magari madogo, na VIA, inayoonyesha kwamba majaribio yamethibitishwa na kuandikishwa. Waigaji nao huchapa herufi hizo, kwa hiyo zikiwepo usishangilie mapema, na zisipokuwepo kabisa rudisha pesa mfukoni.

Nafasi ya tatu ni rimu za Subaru, na hizi ndizo zilizomwingiza yule wa Urambo katika gharama. Impreza nyingi za zamani zina 5x100 kama Premio, ni nzuri kutazama, na muuzaji ataapa kwamba zinaingia. Zinaingia kweli, lakini tundu lake ni 56.1. Tofauti ni milimita mbili, yaani milimita moja kila upande, na inatosha kabisa kuleta mtetemo rimu ikifungwa ovyo. Pete ya kujaza nafasi hiyo ipo, nyembamba sana, na hapa Tabora sijaiona dukani. Anayezitaka kwa vyovyote aagize pete kwanza ndipo anunue rimu, na atumie nati za koni za uzi wa Toyota, kwa kuwa nati za Subaru zina uzi wa 1.25 na ukizilazimisha zitakula bolti. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Premio haiingii kwenye habu ya Subaru, na aliyeichonga ili iingie ameiharibu.

Nafasi ya mwisho, ambayo ni kama kutokuwa na nafasi, ni rimu za Mark X, Crown na ndugu zao. Zina duara la 114.3 na tundu la 60.1, kwa hiyo hazifungiki kwenye Premio bila kutobolewa upya au kuwekewa spesa, yaani vipande vya chuma kati ya habu na rimu, za kubadilisha duara. Kutoboa upya rimu ya aluminiamu kwenye karakana ya kuchomelea ni kucheza na maisha ya abiria. Spesa huisogeza rimu nje, huibebesha beringi mzigo usiokuwa wake, na kwenye shimo la kwanza lenye kina tairi hugusa madigadi. Wenye Mark X wenyewe, pamoja na wenye Mark II na Altezza, wabadilishane baina yao, kwa kuwa vipimo vyao ni vile vile. Wenye Corolla ya zamani, Vitz na IST ya kizazi cha kwanza, ambazo ni 4x100 na tundu la 54.1, wajihadhari na rimu za Honda Fit zenye 56.1 na za Nissan March zenye 60.1 kwa sababu ile ile.

Rimu mpya za bei ya chini zisizo na jina la kueleweka zipo nyingi. Sinunui.

Kuhusu matairi sitasema mengi. Premio nyingi zilitoka na 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ukuta wa asilimia 65 ya upana huo na rimu ya inchi 15, na hapo ndipo ninapokushauri ubaki. Ukuta wa tairi hilo una milimita 127 hivi, na ukienda 215/45R17 ukuta hushuka hadi milimita 97, na hizo sentimita tatu ulizozipoteza ndizo zilizokuwa zikiilinda rimu ukitoka kwenye lami na kuingia njia ya changarawe yenye mawimbi. Anayetaka sura kubwa zaidi aishie inchi 16 kwa 205/55, ambayo mzunguko wake karibu unalingana na wa awali. Kwa upande wa jina ninanunua Yokohama zikipatikana. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilizochapwa ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la namna hiyo hata likiwa na nywele zake zote za kiwandani si jipya.

Fundi akifunga, gari liwe kwenye jeki, nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuruka nyota na si kwa kuzunguka duara, kisha gari lishushwe na kukazwa kwa nyutonimita 103. Mashine ya upepo inayokaza nati ya kwanza hadi mwisho kabla ya ya pili kuguswa ndiyo inayoivuta rimu upande mmoja. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya kwanza, maana kutu iliyokaa kwenye mdomo wake huizuia hata rimu sahihi kukaa sawa.

Nimalizie na wauzaji. Mtu wa Tabora anayeagiza rimu kutoka Ilala au Kariakoo hulipa kabla ya kuona, hulipa nauli ya mzigo kwenye basi, kisha akigundua kwamba haziendani huambiwa alipie tena nauli ya kuzirudisha, na zikifika huko huambiwa zimekwaruzwa. Kalipa ya kupimia tundu bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida ya seti moja ya rimu, na kipimo huchukua muda mfupi kuliko kupiga picha tano za kuvutia wateja, lakini wanaokipima ni wachache mno. Basi usitume pesa hadi utumiwe picha moja tu: rimu imelazwa kifudifudi, kalipa iko ndani ya tundu, tarakimu zinasomeka. Muuzaji mmoja nilipomwomba picha hiyo alinijibu kwamba wateja wa mikoani tuna maswali mengi. Rimu zake zilikuwa za Subaru.