Kisiki hai: misimu mitatu shambani kwangu Chamwino

Tangu miti ianze kuonekana shambani kwangu, watu wanasimama njiani kuniuliza kama hiki kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki vilivyomo shambani mpaka yawe miti tena, kina faida yoyote. Nina ekari tatu za kichanga chekundu, kwenye mteremko, hapa wilayani Chamwino. Nalima mtama, uwele na karanga. Nimekitumia misimu mitatu. Kinafaa, na ningekianza tena kesho, ila mbuzi wa jirani wanaweza kukuliza.

Kwa asiyejua: mradi huu umeletwa na mashirika mawili, LEAD Foundation na Justdiggit, na umekuwa ukienea vijijini Dodoma tangu 2018. Hulipi kitu. Hugawiwi miche wala mbolea. Unafundishwa tu, chini ya mti, na mkulima mwenzako aliyefundishwa kabla yako, halafu unarudi shambani na panga lako.

Siku ya kwanza mwezeshaji alinipeleka kwenye kichaka cha mkole ambacho nimekuwa nikikifyeka kila mwaka tangu niolewe. Akapiga goti, akaanza kuhesabu machipukizi: ishirini na matatu, yote yametoka kwenye kisiki kimoja. "Mama, chagua manne," akaniambia. Nikachagua yaliyonyooka na manene. Mengine tukayakata kwa mkato wa mshazari, maji yasituame juu ya kidonda. Yale manne tukayapunguzia matawi ya chini, kisha nikachana kipande cha kanga kuukuu chekundu nikakifunga, ili kibarua yeyote atakayekuja kulima ajue kuwa hiki hakiguswi. Kazi yote ilichukua kama robo saa. Msimu huo nilifunga vitambaa thelathini na moja.

Nguvu yake iko kwenye mizizi. Hapa tunapata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mche wa kitaluni ukiupanda Januari, unaikuta Septemba ukiwa na mizizi ya kiganja. Nimewahi kupanda miche hamsini kwa moyo mkunjufu na kuibebea maji ya ndoo, ikabaki miwili. Kisiki mizizi yake imeshashuka zamani, hakiombi maji kwa mtu. Mgunga nilioupogolea msimu wa kwanza sasa umenipita kimo.

Na udongo wenyewe? Huku tumezoea kuberega, yaani unakusanya mabua, unachoma, unapanda bila kulima. Nimeacha kuchoma. Majani ya mkole na mabua yanabaki chini, na siku nne baada ya mvua nikichimba kwa mkono pale penye kivuli, kidole cha kati kinagusa udongo baridi unaoshikana. Hatua kumi pembeni, penye uwazi, ni vumbi tupu. Ekari yangu ya mtama imetoka magunia matatu hadi matano. Mvua ya mwaka huu nayo ilikuwa nzuri, kwa hiyo siwezi kuwapa visiki sifa zote.

Nizungumze na habari ya mbolea, maana wengi wanaona ni lazima uchague kimoja, visiki au mbolea. Ruzuku ya serikali ilipoanza msimu wa 2022/23, nilijiandikisha, nikapata namba kwenye simu, na mfuko wa urea uliokuwa umepita laki moja nikaununua kwa shilingi 70,000. Niliishukuru sana. Lakini niliimwaga kwenye mteremko mtupu, ikapiga mvua moja kubwa ya Januari, na kesho yake nikayaona maji mekundu yakielekea korongoni na mbolea yangu. Mwaka uliofuata duka moja, silitaji, likaniuzia mfuko ulioshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Nilipoupima nyumbani ulikuwa na kilo arobaini na tatu badala ya hamsini. Tazameni mshono kabla ya kutoa hela.

Ndipo nikachimba fanya chini, yaani mitaro inayokatiza mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa chini. Kwa fremu ya A, yaani vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe la kuning'inia, tukapima usawa wa mteremko, mimi na wanangu wawili. Mitaro mitatu, wiki mbili, mgongo unauma kwelikweli. Baada ya hapo mbolea ilikaa. Kwa mteremko kama wangu, ningemwambia mtu aanze na visiki na mitaro, mfuko wa ruzuku ufuate.

Mama yangu ni wa Haubi, Kondoa. Ameishi na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na anakumbuka 1979 mifugo ilipoamriwa kuondoka kwenye eneo lililoharibika. Anasema majani yalirudi upesi mpaka kwenye makorongo, ila watu waliondokewa na maziwa na samadi, na hilo hakulisahau. Alipokuja kunitembelea akaviona vitambaa vyekundu, akazunguka shamba zima, kisha akauliza swali moja: "Na ng'ombe wako wako wapi?" Nikamwonyesha zizini. Alifurahi. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote katika mpango huu: sikulazimika kuhama na chochote.

Sasa mbuzi. Mavuno yakiisha, mashamba yanakuwa ya wote, na mbuzi hupenda chipukizi changa la mkole kuliko chakula kingine. Nimepoteza visiki tisa. Sheria ndogo ya kijiji inataja faini, lakini sijaona mtu aliyetozwa. Nimezungusha miiba, na nimekubaliana na jirani yangu mmoja kwamba nitampa mabua, naye wanawe wachunge ng'ambo ya pili. Tangu Juni amelishika neno lake.

Natoa nyota nne. Anayetaka kuja kuona aje kabla ya Desemba, nikiwa napogolea. Aje na panga lenye makali.