Duka la vitu vya kale Tabora mjini: majambia yapo, ila angalia nyuma ya ala

Kuna duka moja la vinyago na vitu vya kale hapa Tabora mjini, jina siliweki. Kwa anayependa majambia, yale majisu ya Kiarabu yaliyopinda, mzigo upo wa kutosha, tatizo yote yanauzwa kama ya kale na mengi sio. Kila ukigusa moja unaambiwa hili la enzi za misafara ya biashara, lilitoka Kwihara, kijiji cha hapa jirani, na kweli Waarabu wa Omani walikaa huku karne ya 19 kwa hiyo stori inaingia akilini, lakini jamani stori haitoshi, shika kitu chenyewe.

Anzia nyuma ya ala, yaani kile kifuko cha jambia, wengi wanaishia mbele kwenye nakshi. Jambia lililovaliwa limelika pale linapogusa mwili na mkanda, ngozi imelainika kwa jasho, nakshi za mpini zimefifia pale kiganja kinaposhika halafu kwenye kona ambazo mkono haufiki bado ziko kali kabisa. Yale ya kuuzia watalii, ule weusi wa ukale umepakwa tu, uko sawasawa kila mahali, sugua na kitambaa kibichi uone unavyotoka.

Nakshi nazo, sonara wa zamani alilaza waya wa fedha mmoja mmoja kwa mkono, ukisogeza jicho karibu ua la kulia na la kushoto hayafanani, ila feki ni bati limegongwa kwa mashine, maua yote pacha, na palipochubuka unaona unjano wa shaba. Halafu omba kulichomoa. Bapa la kale ni nene, lina mgongo ulioinuka katikati pande zote mbili, haya mengine ni membamba kama kisu cha mezani na alama za grainda bado zipo.

Pale dukani naloamini ni moja tu, mpini una ufa, ala imeshonwa upya, na ndo zuri kuliko yote, ila limewekwa kabati la chini huku yanayong'aa yako mbele! Inauma sana.

Ukiambiwa mpini ni pembe ya kifaru usiguse bila kibali cha maliasili, na kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, usikibebe kwenda nje hivihivi.

Kijana wa pale mstaarabu, anakuacha ugeuze mpaka uridhike. Nampa nyota tatu, akitenga rafu ya kale na ya kisasa nampa tano.