Uzumaki: katuni inayotisha kwa umbo la konokono

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hadithi ya kutisha haiwi hadithi bila mzimu, jini au muuaji mwenye kisu, hadi nilipoisoma Uzumaki, katuni ya Kijapani ya Junji Ito iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1998 na 1999. Humo kinachowaangamiza wakazi wa mji mdogo wa Kurouzu-cho ni msokoto, yaani mstari unaojizungusha kuelekea ndani kama gamba la konokono.

Mwanzoni kabisa, Kirie, msichana anayesimulia, anamkuta baba wa mpenzi wake amechutama kichochoroni, amemkodolea macho konokono aliyeganda ukutani, wala haitikii salamu. Hakuna damu wala kelele, lakini mwili unasisimka. Mzee huyo anauhusudu msokoto hadi unamuua. Mkewe, kinyume chake, anauogopa kiasi cha kukata ncha za vidole vyake ili aondokane na alama zilizomo. Msomaji anayefahamu kwamba ndani kabisa ya sikio la binadamu mna kiungo kilichojisokota ataingiwa na hofu kabla ya mama huyo kuambiwa.

Ito, ambaye zamani alikuwa fundi wa meno bandia, huchora kwa mistari myembamba iliyosongamana, na picha ya kuogofya zaidi huificha nyuma ya ukurasa, hivi kwamba mkono wako mwenyewe ndio unaoifunua. Mara mbili nilishika pembe ya karatasi nikasita, jambo la aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Katuni hii husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na jicho huzoea upesi.

Sura za katikati zimenichosha. Kila moja ina kisa chake, na Kirie, ambaye jana ameshuhudia maafa, leo anakwenda shuleni kana kwamba hapakutokea neno, huku Shuichi, mpenzi wake, akimsihi wauhame mji.

Filamu ya mwaka 2000 inavutia kwa rangi yake ya kijani iliyofifia, ila humo kamera ndiyo inayoamua utazame nini na kwa muda gani, na ule woga wa kugeuza ukurasa unapotea. Ningemshauri mgeni aanze na katuni, asome sura mbili za kwanza, zile za mzee na mkewe. Zisipomshika, zilizobaki hazitamshika.